Ukipewa zamu ya tafakari na mada ni uongozi, mi huwa nafanya hivi

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Naandika hii kwa ajili ya yule ambaye simu imemwita saa tatu usiku, katibu wa usharika anamwambia mwinjilisti, kesho kuna kikao cha baraza la wazee, tafakari ya kufungulia ni ya kwako, dakika 10, mada uongozi mwaminifu, haya usiku mwema. Amekata. Hapo wengi wetu tunakimbilia magrupu ya wasapu kufukunyua ile meseji ndefu iliyozunguka nchi nzima, yenye pointi saba za kiongozi bora na picha ya simba, tunainakili kwenye karatasi, kesho yake tunaisoma kwa sauti nzito na watu wanasema amina huku macho yako kwenye ajenda ya tatu ambayo ni hela za paa.

Mi nimefanya hivyo sana tu, sijifichi. Siku hizi nina njia nyingine, nimeipata kwa kukosea kosea, na nitaieleza kwa kutumia andiko moja ili uone mkono unavyokwenda, 1 Samweli 12:1-5. Ukishaizoea utaipeleka kwenye andiko lolote.

Andiko liwe fupi

Mistari mitano, isizidi kumi. Shida ya mada ya uongozi ni kwamba kila mtu anakimbilia Yoshua 1, uwe hodari na moyo wa ushujaa, ni neno la Mungu na ni zuri lakini wazee wameshalisikia kila uchaguzi wa viongozi mpaka wanaweza kukumalizia mstari. Kuna maandiko ya uongozi ambayo yamekaa tu hayaguswi. Nehemia 5:14-18 kwa mfano, hapo liwali wa Yuda anahesabu miaka 12, toka mwaka wa 20 mpaka mwaka wa 32 wa mfalme Artashasta, kwamba yeye na ndugu zake hawakula mkate wa liwali, yani posho yake halali kabisa ya ofisi aliiacha kwa sababu aliona watu wamelemewa. Kuna Matendo 20, Paulo yuko Mileto anawaaga wazee wa Efeso anawaonyesha mikono yake, hii ndo iliyonilisha mimi na niliokuwa nao. Kuna Ezekieli 34, Mungu anawakaripia wachungaji wanaojilisha wenyewe badala ya kondoo, hiyo ukiisoma mbele ya wachungaji wenzako ujiandae kurudi nyumbani bila kuagwa.

Ukiangalia hayo yote yana kitu kimoja, kiongozi amesimama anatoa hesabu, au anadaiwa hesabu. Mi nayapenda kuliko ya kutiana moyo, manake kiongozi wa kanisa sa hivi hakosi mtu wa kumtia moyo, anakosa mtu wa kumuuliza.

Sasa soma kwa sauti

Usiku huo huo, hata kama umechoka. Zima data kwanza. Soma kwa sauti mara mbili kwenye Biblia ya Union, ile ya 1952 ambayo iko karibu kila nyumba, alafu mara moja kwenye Habari Njema, ile Biblia ya Kiswahili rahisi. Union ina Kiswahili cha pwani cha zamani, "nalitwaa", "awaye yote", "hasha", kinakulazimisha uende polepole kama unapita kwenye mawe mtoni, na ukienda polepole unaona vitu. Habari Njema inakusaidia pale ulipodhani umeelewa kumbe hukuelewa. Kama lugha ya kwenu ina Biblia, soma na hiyo pia, mi ya kwetu inanichekesha kwanza afu inanichoma.

Mfano mdogo wa faida ya kwenda polepole. 1 Petro 5:3 kwenye Union inasema wazee wasiwe "kama wajifanyao mabwana juu ya mitaa yao". Sisi Walutheri tukisikia mitaa tunashtuka, kwa sababu usharika wetu umegawanyika mitaa kweli kweli, kuna mtaa wa huku na mtaa wa kule na kila mmoja una mwinjilisti wake na mzee ambaye ni kama chifu. Neno la Kigiriki pale ni fungu, sehemu mtu aliyogawiwa kwa kura, kwa hiyo Petro hakuwa anaongelea mipaka ya usharika wetu, ila ujumbe ni ule ule, umegawiwa, hukununua. Nilikaa na neno hilo moja wiki nzima. Nadhani mzee mmoja wa mtaa wangu naye alikaa nalo maana alinikwepa Jumapili mbili.

Turudi kwa Samweli. Sura ya 12 inaanza amezeeka, ana mvi, Sauli ameshatiwa mafuta kuwa mfalme, na yeye anakabidhi. Anasimama mbele ya Israeli wote anawaambia nishuhudieni, nimetwaa ng'ombe wa nani, nimetwaa punda wa nani, nani nimemdhulumu, nani nimemwonea, ni mkono wa nani nilipokea rushwa inipofushe macho, na kama kipo nitakirudisha. Watu wanajibu hukutudhulumu, wala hukutuonea, wala hukupokea kitu mkononi mwa mtu yeyote. Bwana ni shahidi. Imeisha.

Mara ya kwanza nilipotumia andiko hili niliishia hapo hapo. Nikasema wapendwa tuwe kama Samweli. Amina. Tukaingia ajenda ya kwanza.

Tafuta mstari unaouruka

Hii ndo hatua yenyewe, zingine zote unaweza kuzibana lakini hii usiiruke. Soma tena kwa kujiuliza swali moja, ni maneno gani hapa macho yangu yanayapita haraka? Kila andiko lina hayo maneno. Mara nyingi ndo yenye mwiba.

Kwenye 1 Samweli 12 yako mstari wa 2. Kabla hajauliza habari za ng'ombe na punda, Samweli anasema yeye ni mzee ana mvi, na wanangu wapo pamoja nanyi. Maneno manne matano tu. Miaka mingi nilisoma pale kama mtu anayepita kituo ambacho basi halisimami. Siku moja nikasimama. Wanangu wapo pamoja nanyi? Wanawe ndo akina nani?

Hapo unafungua kurasa za nyuma. Sheria yangu ni hii, ukikuta mtu ametajwa, rudi nyuma mpaka uijue habari yake. Sura ya 8 inasema Samweli alipozeeka aliwaweka wanawe wawe waamuzi, Yoeli na Abiya, kule Beer-sheba, na hao vijana hawakuenda katika njia zake, "wakapokea rushwa, na kupotosha hukumu". Ndio maana wazee wa Israeli walimfuata nyumbani Rama wakamwambia umezeeka, wanao hawaendi katika njia zako, tupe mfalme. Kumbe habari yote ya mfalme, Sauli na mkuki wake na taabu zote zilizofuata, mlango wake mmoja ulifunguliwa na rushwa za watoto wa mtumishi.

Alafu Samweli anasimama anauliza ni nani amenipa rushwa. Na watu wanasema hakuna. Na ni kweli! Yeye hakupokea. Sijui kama unaona uzito wake. Mikono yake ni safi kabisa, ushahidi wa taifa zima upo, na bado watu wa Beer-sheba walikuwa wananyang'anywa haki yao na watu aliowaweka yeye.

Rudi nyuma zaidi, maana bado kuna kitu. Sura ya 2, kuhani Eli na wanawe Hofni na Finehasi pale Shilo, mtumishi wao alikuwa anakuja na uma wa meno matatu wakati nyama za sadaka zinachemka, anauzamisha sufuriani na chochote uma utakachokitoa ni cha kuhani. Mi nikisoma pale naona kabisa mnada wetu wa baada ya ibada, jogoo wa sadaka anavyonadiwa haraka haraka na kuishia kwa bei ya kutupwa mikononi mwa mtu wa karibu na meza, kisa nani atapandisha bei dhidi yake. Uma una meno matatu bado. Sura ya 3, Mungu anamwita mtoto Samweli usiku, na ujumbe wa kwanza kabisa kupewa maishani mwake ni hukumu juu ya nyumba ya Eli, kwa sababu wanawe walijiletea laana na yeye hakuwazuia. Yule mtoto alilala mpaka asubuhi na ujumbe huo anaogopa kuusema. Basi huyo mtoto ndo amekua, amezeeka, na yamemkuta yale yale ya Eli. Biblia haisemi kama aliwahi kukumbuka usiku ule, mi nadhani alikumbuka.

Usikurupuke hapa ukaanza kumhukumu Samweli. Wengine wanausoma mstari wa 2 kwamba anamaanisha wanangu nimeshawaondoa ofisini, wako kati yenu kama raia wengine, mkiwa na shauri nao washtakini. Wengine wanaona ni baba tu, anawataja wanawe kwa unyonge. Andiko halituambii, na wewe usijifanye unajua. Tafakari haihitaji kumaliza kila fundo.

Fungua na ramani

Kama Biblia yako ina ramani nyuma, angalia. Hii niliipata kwa bahati na sasa siiachi. Sura ya 7 mstari wa 16 na 17 inataja safari za kazi za Samweli, mwaka kwa mwaka alizunguka Betheli, Gilgali na Mispa, alafu anarudi Rama nyumbani kwake. Weka kidole kwenye hizo sehemu nne, ziko katikati ya nchi karibu karibu, kama vile mitaa minne iliyo kwenye lami. Sasa itafute Beer-sheba. Iko kusini kabisa, mwisho wa nchi, ndo maana Israeli walikuwa wanasema toka Dani mpaka Beer-sheba wakimaanisha mwanzo mpaka mwisho. Kutoka Rama ni zaidi ya kilomita 70, ukipima kwa rula tu, kwa mguu ni zaidi ya hapo na jua lile.

Beer-sheba haimo kwenye ile ratiba. Na huko ndiko rushwa ilikoliwa.

Nilipoona hivyo nilifunga Biblia. Kwa sababu na mimi wakati ule nilikuwa na mtaa mmoja, mwisho wa usharika, njia mbaya, mvua ikinyesha pikipiki inazama, na nilikuwa sijakanyaga toka Pasaka na tulikuwa tunaelekea Advent, yani majuma ya kabla ya Krismasi. Kila mwezi napokea ripoti imeandikwa vizuri, hali ya mtaa ni njema, nasaini. Sijala hata mia ya mtu pale. Sijui hata nani amekula.

Unaona sasa kilichotokea. Nilienda kutafuta neno la kuwaambia wazee, neno likanishika mimi shati. Hiyo ndo dalili kwamba tafakari imeiva. Kama bado hujaguswa wewe, bado una notsi tu, huna tafakari.

Jaribio la sura ya mtu

Hapa nisimulie aibu yangu kwa sababu inafundisha kuliko nadharia. Miaka kadhaa nyuma nilipewa zamu kwenye baraza la wazee na kichwani nilikuwa na mtu, mhazini fulani ambaye tulikuwa hatuelewani juu ya risiti. Nikachagua ule uma wa meno matatu. Nikauhubiri kweli kweli, niliuzungusha hewani kwa mkono, kila mtu mle ndani alijua nampiga nani na yeye alijua, akawa anaangalia meza. Nilikaa chini nikajisikia nabii.

Wakati wa chai akaja mzee mmoja, mtu mzima sana, ananiheshimu na mimi namheshimu, akaniambia taratibu, baba mchungaji neno limetufikia, ubarikiwe, hivi ile pikipiki ya usharika Jumamosi ilienda wapi na magunia? Ilienda mnadani. Ilimpeleka mama mchungaji na magunia yetu mawili ya mahindi. Kwa mafuta ya usharika. Sikuwahi kuiona kama kitu, pikipiki si inakaa kwangu.

Chai niliinywa lakini sijui ilikuwa na sukari au haina.

Toka siku hiyo nafanya jaribio, nikimaliza kuandaa nafumba macho napitia sentensi moja moja na kujiuliza, hapa naona sura ya nani? Nikiona sura ya mtu mmoja, hiyo sentensi naitoa. Kama nina neno na mtu huyo, Mathayo 18:15 iko wazi, nenda kwake wewe na yeye peke yenu, madhabahu isigeuzwe kuwa rungu. Nikiona sura yangu naibakiza. Nikiona sura za watu wengi wasiojulikana, naibakiza kwa tahadhari.

Na kama wewe ni mzee wa kanisa au kiongozi wa jumuiya na unamtolea tafakari mchungaji wako akiwepo, jaribio ni lile lile. Usimtume Samweli akuulizie maswali unayoogopa kuuliza mwenyewe.

Kuandika

Lala kwanza. Kweli, andiko la usiku likilala na wewe linaamka limepangika. Saa kumi na moja alfajiri, kabla majogoo hayajakubaliana, chukua daftari, andika sentensi moja tu inayobeba kila kitu. Ikikushinda kuandika sentensi moja ujue una tafakari tatu, chagua moja, mbili weka akiba. Ya kwangu kwa andiko hili ilikuwa hivi: mikono yangu inaweza kuwa safi na bado ng'ombe wa watu wakaendelea kuondoka kule nisikofika.

Kisha andika mengine kuizunguka hiyo, karatasi moja na nusu ya daftari inatosha dakika 10 kama unaongea kama mtu na sio kama redio. Usianze na maana ya neno uongozi. Usianze na historia ya Israeli kuanzia Abrahamu. Anza ndani ya tukio, mzee mwenye mvi amesimama, anauliza. Watu wa kwetu wanajua mzee akisimama anauliza ng'ombe wa nani nimechukua, ni jambo zito, mi nimekulia Singida nikichunga mbuzi, najua mtu akihesabu mifugo jioni na mmoja hayupo hakuna anayelala.

Tumia maisha ya walio mbele yako. Nilipotumia Ezekieli 34 kwenye mtaa wa wafugaji sikuhitaji kueleza chochote. Mstari wa 18 na 19 unasema kondoo walionona wanakunywa maji safi afu mabaki wanayavuruga kwa miguu yao, wenzao wanakunywa tope. Yeyote aliyewahi kupeleka mifugo lamboni mwezi wa kumi anajua hiyo habari, ng'ombe wakubwa wanatangulia wanaingia mpaka katikati, ndama wanakuja kukuta uji wa udongo. Mama mmoja alinyoosha mkono katikati ya tafakari akasema mchungaji, kwa hiyo sio wachungaji tu, na sisi kondoo tunaonea wenzetu? Nikamwambia mama umeshamaliza, mi nakaa. Lakini ukienda kuhubiri hiyo kwa watu wa mjini ambao maji yao yanatoka bombani, tafuta mfano mwingine, labda mpangaji wa juu anayefungulia tanki usiku kucha.

Huu hapa mfano wa namna nilivyosema siku hiyo ya Samweli, sio wa kuiga neno kwa neno, uone tu urefu na mwendo:

"Wazee wangu shalom. Tumesikia Samweli anauliza, nimetwaa ng'ombe wa nani. Na watu wamejibu, hujatwaa. Jibu hilo kila mmoja wetu angependa kulisikia siku anakabidhi ofisi. Ila kabla hajauliza aliwataja wanawe, na mle uwanjani hakuna ambaye hakujua habari za Beer-sheba. Nimeangalia ratiba ya Samweli, Betheli ipo, Gilgali ipo, Mispa ipo, nyumbani Rama yupo. Beer-sheba sikuiona. Wazee wangu, na mimi nina Beer-sheba. Mnaujua mtaa ule ambao sijaenda toka Pasaka. Ripoti nasaini, watu siwaoni. Naomba mnisamehe, na Jumapili ijayo nitakuwa kule, nikizama mtanivuta. Swali langu kwenu ni moja, tukae nalo kimya dakika moja kabla ya kuomba. Beer-sheba yako ni ipi? Ni kwaya ambayo hujaitembelea, ni daftari ambalo hujafungua, ni mtu uliyemweka na hujarudi kumwangalia?"

Basi. Ukihesabu hapo haifiki hata dakika tatu, zilizobaki ni kusoma andiko, kueleza habari ya Yoeli na Abiya kwa ufupi, na kukaa kimya.

Angalizo juu ya kukiri mbele za watu. Kiri kile kinachohusu kazi, na kile ambacho uko tayari kukitengeneza. Samweli alisema kama kipo nitawarudishia, hakusema mniombee tu. Ukisema sijaenda mtaani, taja na siku ya kwenda. Ukisema pikipiki, rudisha mafuta. Mi nilirudisha, lita tano, mhazini akaniandikia risiti, na nadhani aliifurahia kuandika. Lakini mambo ya ndani ya nyumba yako, ya mke, ya watoto, ya mtu aliyekuja kutubu ofisini, hayo hayaingii kwenye tafakari hata ukibadilisha majina, huku kwetu kila mtu atayajua kwa viatu tu.

Siku yenyewe

Mpe mtu mwingine asome andiko. Sauti ya mwingine inakufanya na wewe usikilize, na kama kuna mama mwenye sauti nzuri ya kusoma mpe yeye, sio kila mara katibu. Asome polepole na mwambie mapema mstari wa 2 asiukimbize.

Kama kuna maiki na mko 15 chumbani, zima maiki. Sijui nani alituambia spika kubwa ndo upako.

Usijaze Haleluya pale unaposahau notsi, nyamaza, angalia karatasi, endelea. Watu hawana shida na ukimya, shida tunayo sisi. Na ile dakika moja ya kimya baada ya swali, pima kwa saa, manake bila saa utaikatisha sekunde ya 15, mi mara ya kwanza niliona kama nimefungiwa kwenye stoo. Mzee mmoja alikohoa. Ikapita.

Sala ya kumalizia iwe fupi na itoke kwenye andiko lile lile. Kwenye sura hii kuna mstari wa 23, Samweli watu wameshamkataa, wameshapata mfalme wao, na anawaambia hasha, nisimtende Bwana dhambi kwa kuacha kuwaombea. Mi hapo huwa naomba hivyo hivyo, kwamba Bwana utupe tusiache kuwaombea hata waliotukataa, amina. Usitumie sala kuhubiri tena zile pointi ulizozisahau, Mungu alikuwepo, alisikia.

Kama tafakari ni ya wasapu kwa wale mliotawanyika, tuma vois noti ya dakika nne, na andiko liandikwe chini yake. Ikizidi hapo watu wanaivuta mbele, bando ni hela.

Baada ya hapo

Andika kwenye daftari lako tarehe, andiko, na kile ulichoahidi. Hicho cha tatu ndo muhimu. Mi nina kaunta buku ambalo nusu ya kurasa lina alama ya vema pembeni na nusu halina, na kabla ya kuandaa tafakari mpya ya uongozi huwa nafungua zile zisizo na vema nione kama nina haki ya kuongea.

Kule mtaani nilienda kweli ile Jumapili. Sikukuta wizi wowote, kwa wale mnaosubiri wizi. Nilikuta mwinjilisti ana miezi minne hajapata posho yake na hakuandika kwenye ripoti kwa sababu aliona aibu, na watu walikuwa wanamchangia unga kimya kimya, na ripoti yake kila mwezi inasema hali ya mtaa ni njema. Tafakari ya pale sikutoa. Nilikaa kwenye benchi, akatoa yeye.

Na siku katibu akikwambia mchungaji muda umetubana, tupe dakika tatu, usikasirike wala usiharakishe zile kumi. Soma mstari wa 1 mpaka wa 5, uliza lile swali moja, nyamaza kidogo, kaa chini.